Blanketi la Akida

Alhamisi, mwezi 8 Mfunguo Tisa (kwa Wadachi, 10 Agosti 1905)

Huko Mkongo kumechafuka. Wamatumbi wameng'oa pamba ya serikali, na vita vinashuka bondeni kwetu. Jumapili watu wataamua nani awasemee barazani: chama cha wazee, ambacho mimi, Mwalimu Tamimu, ndimi mkubwa wake, au chama cha Kondo, mpika chumvi asiyejua hata kukaa mbele ya watu. Nastaajabu kwamba jambo hili linahitaji kuamuliwa.

Leo akida wa serikali ya Wadachi amenipa zawadi. Blanketi! Jekundu, zito, la Ulaya. Amesema kwa upole kwamba Bwana Mkubwa angefurahi kuwasikia wazee wakiisifu pamba kidogo. Nimelipokea kwa mikono miwili. Kukataa zawadi ni utovu wa adabu. Pamba sijaisifu. Nimekohoa tu.

Mke wangu Mwanaidi amepiga yowe. Amesema, Baba Zamda, huo ni mlungula, watu watatutemea mate. Mlungula! Mimi, niliyefundisha nusu ya kijiji hiki kusoma!

Ijumaa, mwezi 9

Minong'ono imejaa uani mwa msikiti. Eti chama cha wazee kinalishwa na Wadachi. Kondo amesema mbele yangu kwamba mzee alaye kwa Mdachi hupiga mbweu ya Kidachi. Watu wamecheka. Baada ya sala! Nimeshtuka mpaka kofia imekaa upande.

Nimebuni mpango. Kwanza nimelipeleka blanketi shambani, juu ya dungu langu, kile kibanda cha miguu mirefu cha kuwingia ndege, na kulifunika kwa makuti. Kisha nimerudi na kutangaza: nyumba ya kila kiongozi ipekuliwe, wa chama chochote. Atakayekutwa na kitu cha Mdachi asiseme tena barazani maisha yake yote. Wamenishangilia!

Jumamosi, mwezi 10

Wamepekua. Kwangu, safi. Kwa Kondo wamekuta mkebe mtupu wa Kidachi, anaotekea maji. Nimepaza sauti, Yarabi, msaliti! Kondo ameapa kwamba aliuokota ukielea mtoni. Watu wameamini nusu. Nusu inanitosha.

Jioni shangazi yangu amefariki. Mungu amrehemu. Wakati aliouchagua si mzuri.

Jumapili, mwezi 11

Misiba yangu ni miwili.

Tumemzika shangazi. Watu wote wamebaki kwetu, wakaamua kwamba shauri la msemaji limalizwe papo hapo. Nilikwisha kusafisha koo. Ndipo alipoingia mwanamke aitwaye Sikujua, mtani wetu kutoka Umatumbi, aliyekuja kwa njia ya mashambani. Mtani huchukua atakacho msibani, na mwenye mali hana ruhusa ya kukasirika. Mila hiyo nimeifundisha mwenyewe. Nilichosahau ni kwamba dungu halina mlango.

Alikuwa amejifunika blanketi langu! Akatembea kama mimi. Akakohoa kama mimi. "Nifunikeni, watani, baridi ya Ulaya imenipata! Pamba tamu jamani, ehe, ehe!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa juhudi kubwa. Akazunguka akiuliza ni la nani, mwenyewe alikomboe kwa kuku. Nikatazama mbingu. Akasema, kama halina mwenyewe, basi ni la kupangusia masufuria ya msiba. Akalitupa majivuni.

"Si majivuni, mwanamke! Hiyo ni sufu!"

Sauti ilikuwa yangu.

Nimeeleza habari ya adabu. Nimeeleza mikono miwili. Mwanaidi amejifunika uso kwa kanga. Miraji, mzee wa chama changu mwenyewe, ameuliza ni nini kingine walichofichwa, na kusema kwamba sasa hata yeye anajitilia shaka. Hakuna aliyekitetea chama. Hata mmoja! Wamemchagua Kondo, na mimi, kwa sheria niliyoitunga, nimefungwa mdomo maisha.

Jumatano, mwezi 14

Baraza. Hakuna aliyenisogezea mkeka. Nimekaa mchangani, na kanzu nyeupe. Wamekubaliana wanawake na watoto wakajifiche mikokoni, na wanaume waende kunywa dawa ya maji. Niliinua mkono niseme kwamba njia ya mikokoni hujaa maji ya bahari siku hizi za mwezi mpevu. Kondo akanikatiza kwa heshima: "Samahani, Mwalimu, ni sheria yako." Nimeshtuka. Mwanaidi na mjukuu wangu watapita njia hiyo hiyo! Nimemnong'oneza Miraji. Amejisogeza mbali, asionekane yu pamoja nami.

Ni wazi kwamba mtu asiye na cheo hasikilizwi. Njiani nimekutana na Mgiriki mmoja atokaye Kibiti. Anatafuta mzee wa kumsemea kwetu, apate ardhi vita vikiisha. Kwa kuanzia, atanipa kiti chenye mikono. Nimefikiri kwa makini, kama ipasavyo mtu msomi. Mgiriki si Mdachi. Tena kiti hakifichwi. Hukaliwa hadharani, mbele ya macho ya watu wote.

Nimekipokea. Kesho nakwenda nacho barazani. Sioni atakayelalamika.