Siku Mheshimiwa Alipozindua Kituo cha Neno Mtumba

...eeh, tulikuwa wapi, Spesioza mdogo wangu, kabla yule kaka hajaja kujaribu koti nusu saa na kuondoka mikono mitupu? Kwenye hotuba. Basi we kumbuka hali ilivyokuwa Ijumaa ile: wiki nzima soko letu la mitumba halina meza hata moja. Tumeambiwa tuzitoe, zikabebwa hatujui wapi, panajengwa Kituo. Veneranda ana belo zima la masweta ya shule, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Na belo unalijua, halifunguliwi chini. Ukikata mikanda yake chini, wateja wanasema hayo ni makombo, wanapita zao. Linafunguliwa mezani kwako, watu wamekuzunguka. Sasa sisi tumekaa juu ya mabelo yetu kama kuku wanaotamia, na Mheshimiwa Vedasto, Mratibu wa Kituo, kapanda jukwaani, zulia jekundu mpaka chini. Nakupa yote kama alivyoitoa.

“Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye amepata udhuru, mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye ni mimi, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, na wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuandaa Kamati ya Maandalizi, viongozi wa dini mlioalikwa na mliokuja wenyewe, mwenyekiti wa bodaboda, bwana kipaza sauti, kina mama wa masweta, kina baba wa viatu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, mwangaluka! (Mwangaluka! Tuliitikia vizuri, salamu haina kosa.)

“Ndugu zangu, tumekutana hapa kwa ajili ya neno moja, neno mtumba, ambalo ninyi mnalitamka asubuhi mpaka jioni bila kulifanyia fizibiliti stadi. Mtumba ni nini? (Veneranda: ‘Ni sweta, Mheshimiwa, na baridi hii ya mvua!’ Kicheko.) Hapana, mama. Mtumba, kwa mujibu wa utafiti nilioufanya mimi mwenyewe nikiwa nimekaa, ni mzigo. Njia hii hii iendayo Kwihara walipita wapagazi wa Kinyamwezi, kila mtu na mtumba wake begani, vitambaa vya merikani na kaniki, umefungwa ukakazwa kama mtoto mchanga, kutoka pwani mpaka hapa Tabora, miezi kwa miezi kwa miguu, bila semina elekezi hata moja! (Makofi. Aliyeyaanzisha ni dereva wake.)

(Mzee Luhende muuza viatu akapaza sauti: ‘Babu yangu alikuwemo! Na alipofika aliutua. Wewe unatua saa ngapi?’ Tulicheka mpaka Mheshimiwa akanywa maji.)

“Swali zuri sana, nimelipokea. Sasa neno lile likasafiri, likapanda treni, likarudi limevaa jinzi. Leo mtumba ni nguo aliyoivaa mtu mwingine kwanza huko Ulaya. Halafu ikaja friji mtumba, pikipiki mtumba, simu mtumba, na hata mwanaume aliyeachwa Igunga akaja kuoa Tabora, naye mnamwita mtumba! (Wote tukageuka kumwangalia Valentino fundi cherehani. Akajifanya anatunga uzi kwenye sindano.) Na asili yake je? Wapo wanaosema limetoka kwenye tumba, yaani mfuko. Wapo wanaosema ni letu la bara, na watu wa pwani nao wanasema ni lao. Katika woksho yetu ya siku nne, asilimia arobaini ya wajumbe walisema ni letu, asilimia arobaini walisema ni lao, na asilimia thelathini walikuwa wameenda kula. (Mama mmoja nyuma: ‘Mbona imezidi mia?’) Imezidi mia kwa sababu sisi ni wachapakazi!

“Ndipo mimi, mimi niliyewaza, mimi niliyewazua, mimi niliyeandika konsepti noti kwa mkono huu mnaouona, nikabuni Kituo cha Kimataifa cha Neno Mtumba, ghorofa tano! Ya kwanza mtumba mzigo, ya pili mtumba nguo, ya tatu mtumba pikipiki, ya nne mtumba mume, (Valentino akabeba cherehani yake akaondoka) na ya tano ofisi yangu. Watalii watashuka stesheni wakiuliza tu, mtumba uko wapi? Nanyi kina mama mtapata vizimba vya vioo, maji, choo na intaneti! (Vigelegele. Hata mimi nilipiga, sikufichi.)

(Veneranda akasimama. ‘Shikamoo Mheshimiwa.’ Naye akaitikia, ‘Marahaba mwanangu,’ na Veneranda anamzidi umri! ‘Msingi mnachimba lini? Maana Jumatatu watoto wanaingia darasani, na mimi masweta nimeyakalia.’)

“Mama, usiwe na papara. Maendeleo ni prosesi, na lazima tuwe na vishoni, yaani dira. Mradi huu una awamu tatu. Awamu ya kwanza, kuondoa meza: tumefikia asilimia mia! Awamu ya pili, kupata zulia: asilimia mia! Awamu ya tatu, hotuba ya uzinduzi: hadi dakika hii ninayozungumza, asilimia tisini na saba! Mtumba oyee! (Oyee.) Kituo oyee! (Oye...) Neno letu, fahari yetu! (Dereva peke yake.) Basi namalizia kwa kuwashukuru kwa dhati kwa kutuachia uwanja. Wapo wanaouliza, na jengo je? Ndugu zangu, tuwe wakweli. Ramani haijachorwa, fundi hajatafutwa, kibali hakijaombwa, kwa sababu sisi hatukuomba kujenga. Tuliomba kuzindua. Na sasa tumezindua. Mradi umekamilika! Asanteni kwa kunisikiliza.”

Hakupiga makofi mtu. Hata dereva.

Veneranda akaenda mbele taratibu, kisu cha kukatia mikanda mkononi, akainua pindo la zulia. Chini yake, Spesioza, ni mguu wa meza uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Meza yake! Jukwaa zima lilikuwa meza zetu, zimepangwa.

“Mheshimiwa,” akasema, “teremka polepole. Umesimama juu ya meza yangu.”

Mzee Luhende akampa mkono akashuka. Zulia likavutwa, kila mtu akabeba meza yake akairudisha pale pale ilipokuwa. Veneranda akalipandisha belo, akakata mikanda, masweta yakafumuka, watu wakazunguka kama siafu. Na wa kwanza kupenyeza mkono ni nani? Mheshimiwa! Kumbe naye ana mtoto wa darasa la pili. Akachomoa sweta la bluu, akaligeuza huku na huku.

“Mama, hili mikono yake iko wapi?”

Veneranda hata hakuinua macho. “Hilo limekamilika, Mheshimiwa. Mikono haikuwemo kwenye mradi.”

Basi yule bwana, unajua akafanya... Abee! Nani? Belo langu limeshushwa? Chini?! We Tobias, usiguse mikanda, nakuja!