Maoni ya Bi Samia wa Nkome

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Duka nimefunga. Sikukuu ya taifa, na yangu pia. Leo kundi letu la simu, Wapenda Riwaya Kahama, limeanza kutoa maoni juu ya kitabu changu, Machozi ya Nyanzobe. Mapenzi ya zama za kale. Nyanzobe, binti wa mhunzi, anaolewa na mpagazi. Mpagazi anabeba pembe za ndovu kwenda pwani, harudi. Mjerumani anaingia. Nyanzobe anangoja. Nimekiandika kwa miaka, nyuma ya kaunta, kati ya mteja wa daftari na mteja wa kutoa kopi.

Maoni ya kwanza: Mwalimu Mwamvua, kiongozi wa kundi, anafundisha historia sekondari. Anauliza mpagazi wa wakati ule alipata wapi saa ya mkononi. Nikajibu kuwa ile ni saa ya kimapenzi.

Maoni ya pili: Abdulhalim, mwenye duka la dawa mtaa wa pili hapa Nyasubi. Mstari mmoja tu. "Mwandishi huyu hajawahi kumngoja mtu." Vidole gumba vikajaa kwenye kioo!

Mke wangu Paskazia kasema nisile kwa hasira. Nimekula kwa hasira.

Jumatano, 9 Julai
Hali mbaya. Mwisho wa mwezi Mwalimu Mwamvua anachagua kitabu cha klabu ya wasomaji shuleni kwake. Akichagua changu, maboksi yote ya stoo yanaondoka. Asipochagua, yanabaki na panya. Panya wameshakula sura ya kwanza katika nakala kadhaa. Paskazia kasema angalau wao hawajalalamika.

Kikwazo ni Abdulhalim. Akikisema kitabu vibaya, kundi zima linakiona kibaya. Nimewaza sana. Kitabu kinahitaji msomaji mmoja mwenye akili. Kama hayupo, atengenezwe!

Simu ya zamani ya binti yetu Ritha ipo. Kioo kimepasuka lakini inafanya kazi. Laini ya akiba ninayo. Jina: Bi Samia. Makazi: Nkome, mwalo wa wavuvi kando ya ziwa, Geita. Mbali, hakuna atakayekwenda. Kazi: anauza dagaa. Mjane. Picha: maua.

Ijumaa, 11 Julai
Samia kapokelewa vizuri mno. Maoni yake nimeyaandika na kuyafuta asubuhi nzima. "Nilikisoma huku dagaa wangu wakiwa juani. Kunguru wakala walivyotaka. Sikuwaona." Mwalimu Mwamvua kasema huyu mama anajua kusoma. Nimevimba kama andazi.

Mtu mmoja kauliza Samia kakipata wapi kitabu. Samia kajibu Geita mjini. Sijawahi kupeleka hata nakala moja Geita. Hakuna aliyeendelea kuuliza.

Jioni Abdulhalim kamwandikia Samia faraghani. Nikajiandaa kwa ugomvi. Hapana. Salamu za heshima, kisha swali: sura ipi ilimgusa? Sikuwa tayari. Nikataja ya tisa, kwa sababu kitabu kilifunguka hapo.

Jumapili, 13 Julai
Nimetoka misani, jibu lilikuwa limefika. Nimelisoma chooni. Paskazia kabisha hodi, kauliza kama ni tumbo.

Nanakili. "Dada Samia, sura hiyohiyo ndiyo iliyonifanya niwe mkali. Mke wangu Mwahija alipelekwa Mwanza hospitali. Mimi nikabaki dukani, nikamwambia nitafuata Alhamisi. Alifariki Jumatano. Simu yake ninayo. Kila Ijumaa naichaji. Hakuna anayepiga. Halafu nasoma kwamba Nyanzobe, kila mvua zikikaribia, analinoa jembe la mumewe asiyekuwepo. Nikafunga kitabu. Nikamchukia mwandishi. Nani kamwambia?"

Kwanza nilifurahi. Haya ndiyo maoni bora kuliko yote! Kisha nikakaa palepale, simu mkononi, furaha ikanitoka.

Hakuna aliyeniambia. Mpiga chapa alisema kitabu chembamba, jina halitaenea mgongoni. Nikahitaji kurasa. Nyanzobe alikuwa amekaa bure, baba yake mhunzi, nikampa jembe anoe.

Samia kajibu: pole sana, kaka yangu. Sikupata neno lingine.

Jumatano, 16 Julai
Anaandika kila siku. Habari za Mwahija, habari za nyumba, namna watu wanavyobadilisha mazungumzo yeye akiingia. Samia anasema pole. Wateja wangu wanasubiri kopi, mimi nafuta machozi kwa karatasi za A4.

Hata hivyo kazi ni kazi. Samia kamshauri arekebishe maoni yake kundini. Kafanya hivyo! "Nilikuwa mkali. Kitabu kina sura moja ya kweli."

Moja! Kati ya ishirini!

Kisha pigo. Kamwandikia Samia kwamba Jumamosi anafuata dawa Geita, na angependa kufika Nkome kumsalimu, kwa heshima zote, akiwa na dada yake Mwanaima. Jasho limelowanisha daftari hili.

Alhamisi, 17 Julai
Nimepima njia zote. Samia ahame? Atamfuata. Aolewe? Atamuumiza. Katika kuandika mapenzi mimi najua njia moja tu ya kumwondoa mtu.

Asubuhi ujumbe umeingia kundini kutoka simu ya Samia. Umeandikwa na mdogo wake. Dada kafariki ghafla jana, kazikwa siku ileile, familia inashukuru. Nilikumbuka kwamba Waislamu hawachelewi kuzika. Nikajiona mwenye akili. Nikazima simu, nikaificha kwenye boksi la chaki.

Saa sita kundi lilikuwa limeweka picha ya mshumaa. Mwalimu Mwamvua kaandika kuwa riwaya imepoteza msomaji wake bora. Wengine wameomba dua. Nami nimeandika: "Pengo halizibiki." Ilibidi.

Abdulhalim hakuandika chochote. Nimepita dukani kwake. Kufuli. Nimepita tena. Kufuli. Jirani yake fundi viatu kasema duka lile halijafungwa mchana tangu msiba wa mkewe.

Sikula. Paskazia kaniuliza nina nini. Nikasema ni mambo ya fasihi. Akaendelea kuchambua mchele.

Jioni Mwalimu Mwamvua katangaza: Jumamosi kundi linakwenda Nkome kutoa pole. Kosta imekodiwa. Gunia la mchele limepatikana. Mwandishi akae mbele.

Jumamosi, 19 Julai
Niseme kwa utaratibu.

Tuliondoka alfajiri. Kina mama kwa khanga, Mwalimu Mwamvua na kitabu changu mapajani, ili asome kipande msibani. Abdulhalim alikaa nyuma yangu na dada yake. Kanzu nyeupe. Baada ya Geita aliniinamia. Akaniomba radhi kwa ule mstari wa kwanza. Kasema marehemu ndiye aliyemfundisha kunisoma. Nikamwambia asijali. Nikatazama barabara.

Nkome jua kali. Dagaa wametandazwa mchangani, huwezi kukanyaga. Mwalimu Mwamvua kawaamkia wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa, kauliza nyumbani kwa marehemu Bi Samia. Wakatazamana. Mkubwa wao, Mama Luka, kauliza Samia yupi, maana hapa Samia ni mmoja, anauza maandazi, na yupo. Wakamwita. Akaja na ndoo yake ya maandazi. Kuona kosta nzima ya waombolezaji, akaketi chini na kuuliza nani kamfia.

Nilipendekeza turudi. Nikasema pengine ni Nkome nyingine. Dereva kasema Nkome nyingine haijui.

Mwalimu Mwamvua kapiga namba ya Samia. Imezimwa. Akasema basi atatuma pesa za rambirambi kwenye namba hiyohiyo, ndugu wakiiwasha wataona na kupiga. Sikuwahi kulifikiria hilo. Akabonyeza. Akasogeza simu mbali na macho. Akaisogeza karibu.

"Marcel," akaita.

"Naam, Mwalimu."

"Sikuiti. Nasoma jina la mwenye laini. Marcel Mihayo."

Nilikuwa na maelezo matatu. Nikaanza kupangusa mchanga viatuni.

Abdulhalim alinitazama. Nilidhani atanipiga, na ningeona nafuu.

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa," akasema.

"Hakuna."

"Na hakuna aliyekuwepo."

Akapita katikati ya dagaa, polepole, akiinua kanzu asiwaguse, mpaka kwenye maji. Akasimama huko. Mwanaima alitaka kumfuata, Mama Luka kamshika mkono.

Aliporudi alimsaidia dereva kushusha gunia. Akawaambia wanawake mchele ni wao, wamwombee Mwahija. Mama Luka kauliza Mwahija ni nani.

"Mke wangu."

Mama Luka akaweka chini reki yake ya kugeuzia dagaa. Akamwuliza alikuwa mtu wa wapi. Akajibu. Mwingine akauliza alikuwa anapenda kupika nini. Akajibu, kwa kirefu. Mmoja akauliza kama alikuwa mcheshi, na Abdulhalim akawaeleza jinsi alivyokuwa akiwaiga wateja wa duka la dawa, namna wanavyonong'ona ugonjwa wao. Wakacheka. Naye akacheka, kisha akalia, mbele ya watu wote, na hakuna aliyebadilisha mazungumzo. Samia wa maandazi akamwekea andazi mkononi. Alikula huku analia.

Sisi tulingoja kando ya gari. Hata dereva hakupiga honi.

Kurudi nilikaa mwisho kabisa, juu ya tairi la akiba.

Jumatatu, 21 Julai
Nimetolewa kundini. "Mwamvua amekuondoa". Bila hata nukta.

Nilitegemea Paskazia anitukane. Kaniwekea uji. Kasema neno moja tu: "Yule mtu alifunga duka, Baba Ritha." Kisha akaninyooshea shati.

Nimekwenda. Nilingoja wateja wake waishe. Mzee Mayala alitaka dawa ya kikohozi, akaelezwa kila kitu mara mbili kwa upole. Kisha nikasema nimekuja kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Alinikatiza.

Kasema alikuwa na hasira mpaka Geita, halafu ikaisha, hajui iliishia kijiji gani. Kasema kitu kimoja tu kinamshangaza. "Wale wa Nkome, ndani ya dakika tano, walitaka kujua Mwahija alikuwa anapika nini. Samia wako hakuwahi kuniuliza hata jina la kitongoji alichozaliwa. Pole, pole, pole."

Nikainamisha kichwa. Sijawahi kupewa maoni makali hivi juu ya mhusika wangu.

Kisha akauliza, huku anapanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Lile jembe. Sura ya tisa. Nalo ulilitunga hivihivi?"

Akilini nilimwona mpiga chapa, nikaona kurasa pungufu, nikaona mgongo wa kitabu.

"Bibi yangu," nikasema. "Mzaa mama. Alifanya hivyo mpaka anakufa."

Bibi yangu mzaa mama aliolewa mara tatu na hakumngoja hata mmoja.

Abdulhalim alishusha pumzi. "Nilijua," akasema. "Kitu kama kile mtu hawezi kukitunga." Akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa wa joto, na ulinishika kwa muda mrefu. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la fundi viatu. Aliniuliza kiatu kipi kimeharibika. Nikavua kimoja nikampa.

Alhamisi, 24 Julai
Kitabu cha klabu ya shule kimechaguliwa. Si changu. Habari nimezipata kwa mteja wa kopi: ni kitabu kuhusu ufugaji wa nyuki! Wanafunzi walipiga kura wenyewe.

Panya wamefika sura ya nne. Paskazia kachukua nakala moja kutoka boksini, kabla haijaliwa, kasema. Nimemwona akisoma uani. Nimepita pale mara nyingi, na jagi la maji, bila jagi, na ufagio. Mwishowe kauliza kwa nini Nyanzobe, siku zote hizo, hakuwa na hata rafiki mmoja. Nikamwambia ni kwa ajili ya huzuni. Kasema huzuni yenyewe ingetosha.

Jumamosi, 26 Julai
Nimeamka mwepesi. Sijapata kuwa na akili safi namna hii. Yote yaliyotokea yana maana yake, na maana yake ni riwaya ya pili!

Zama za Mjerumani. Mganga wa mitishamba, mjane, mtu wa heshima, hakuwahi kufika kwa mkewe mgonjwa kwa sababu ya wateja. Anaanza kupelekewa salamu na mwanamke wa mbali, mkazi wa kando ya ziwa. Anamsimulia kila kitu. Siku anakwenda kumzuru, anakuta hakuna mwanamke. Anawasimulia wavuvi habari za mkewe, analia, anapewa samaki wa kuchoma. Sura hiyo imeshajiandika, nilikuwepo! Mke atakuwa anawaiga wagonjwa. Nimemwita Mwahina. Limebadilika kabisa.

Yule mjanja aliyezituma salamu nimemfanya kijana mzuri, mwenye nia njema, asiyeeleweka na jamii yake.

Nikimaliza, nakala ya kwanza nampa Abdulhalim, kwa mkono wangu, aisome kabla ya watu wote na kutoa maoni. Atafurahi. Hawezi kujitambua. Nimemwongezea ndevu.