Mafuta ya Chipsi Yanapaa

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Mtaalamu alifanya mazoezi. Alisimama mbele ya kipande cha kioo kilichobandikwa ukutani, akafanya sura ya huruma, kisha sura ya mshangao, kisha ile ngumu kuliko zote, sura ya mtu asiyehitaji fedha zako. Siku hiyo alikuwa katikati ya mshangao redio ya jirani ilipopenya ukuta na kumshangaza kweli. Kioo kikamwonyesha jambo la kusikitisha. Mshangao wake wa kweli haukufanana hata kidogo na ule aliokuwa akiufanyia mazoezi miaka yote, na bado watu walikuwa wakiuamini.

Mtangazaji alisema serikali imepitisha sera mpya. Ndege zitakazojaza mafuta nchini zitapaswa kuchanganya kiasi cha mafuta yasiyochafua hewa, yanayotengenezwa kutokana na mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Ili watu wayakusanye badala ya kuyamwaga mitaroni, serikali itaongeza ruzuku. Kwa ruzuku hiyo, alisema mtangazaji kwa sauti ileile ya kusomea hali ya hewa, lita ya mafuta machafu sasa itakuwa na bei kubwa kuliko lita ya mafuta safi.

Mtaalamu alikaa kitandani taratibu. Maisha yake yote aliuza vitu visivyokuwepo, na hapa serikali ilikuwa inamwomba auze kitu kilichokuwepo, mradi kiwe kimeharibika. Kazi ilikuwa kununua mafuta safi na kuyachafua. Na kuchafua vitu, alijiambia kwa unyenyekevu, ndicho kipaji pekee alichojaliwa.

Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Mji ulikuwa umemjua. Kinyozi alimnyoa kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mfuko wake mwenyewe. Mtaalamu alihitaji dili moja nono la kumhamishia mji mwingine, ambako uso wake ungekuwa mgeni. Basi akauza koti lake la suti, ambalo kwa kweli ndilo lililokuwa ofisi yake, akanunua madumu ya mafuta safi.

Palikuwa na kikwazo. Kampuni ya kukusanya ilipokea mafuta kutoka kwa majiko yaliyosajiliwa tu. Mtaalamu akamchagua Mama Viazi, mjane aliyekaanga chipsi kwenye kibanda nyuma ya gereji, mwanamke mpole aliyecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Hakuwahi kuamini hata neno moja la Mtaalamu, lakini siku zote alimsikiliza hadi mwisho, na katika fani ile hiyo ni heshima kubwa.

Akamweleza kwamba ameteuliwa kuwa mratibu wa usafiri wa anga wa kijani. Mama Viazi akageuza viazi vyake, akauliza kama ndege zitakuwa zinanuka chipsi.

"Kwa abiria wa nyuma tu, dada yangu."

Mabega yakacheka, na Mama Viazi akakubali kulisajili jiko lake. Mtaalamu akampa kikaratasi chenye namba ya simu ya kuandikisha kwa ajili ya malipo, akisema ni namba maalumu ya mradi. Namba ilikuwa yake.

Uchafuzi ulifanyika mchana ule ule nyuma ya kibanda. Mtaalamu alitia unga wa mkaa katika kila dumu, akaongeza vichwa vya samaki ili kuleta harufu, akatikisa mpaka bega likauma. Alipomaliza aliyatazama kwa fahari ya mzazi.

Mkaguzi wa kampuni alikuwa kijana mwembamba mwenye adabu za kutisha. Alimimina mafuta kidogo kwenye glasi, akaiweka juu ya meza, akasubiri. Mkaa ukashuka wote chini, ukakaa. Juu yake mafuta yaling'aa kama siku yalipotoka dukani. Mkaguzi akaisogeza glasi kando. Aliuliza tu maganda yako wapi.

"Maganda gani?" akauliza Mtaalamu.

"Ya viazi, mzee. Jiko lililochosha mafuta yote haya lina kilima cha maganda. Mimi huanzia hapo."

Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba atarudi mwisho wa wiki. Akikuta mchezo uleule, jiko litafutwa na leseni ya mama huyu itafutwa pamoja nalo.

Hapo ndipo Mtaalamu alipotakiwa kukimbia, na miguu yake ilikwisha kujipanga. Lakini alimtazama Mama Viazi, ambaye kibanda kile ndicho kilichosomesha wanawe, na miguu ikampa aibu. Mama Viazi hakulia wala kugomba. Alikuwa akimnyooshea kisu.

"Menya, mratibu."

Mtaalamu akachuja mkaa na vichwa vya samaki kutoka kwenye mafuta, akamenya. Akakaanga. Aligundua kwamba kuchosha mafuta hakuna njia ya mkato: moto, viazi, moto tena. Na chipsi zikishaiva lazima ziliwe, kwa hiyo akalazimika kuziuza. Midomo iliyokuwa imeuza viwanja vilivyo chini ya ziwa ikaanza kusifia viazi, na foleni ikafika hadi mlango wa gereji. Kinyozi alinunua, akapapasa mfuko wake, akakuta kila kitu kipo, akaondoka amechanganyikiwa. Kesho yake alirudi na mkewe. Mtaalamu alijitetea moyoni kwamba huu bado ni utapeli, ila umechelewa kidogo kufika. Siku mafuta yalipomrukia mkononi, Mama Viazi aliushika mkono ule, akaumwagia maji ya baridi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na wote wawili wakajifanya wanaangalia sufuria.

Mwisho wa wiki mkaguzi alikwenda moja kwa moja kwenye maganda, akayazunguka kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa aliyepata nafuu. Mafuta yalikuwa na rangi ya chai nzito. Akanusa, akatabasamu, madumu yakapakiwa. Malipo, akasema, yametumwa sasa hivi.

Mtaalamu akaitazama simu yake. Kimya. Kilicholia ni mfuko wa aproni ya Mama Viazi.

"Kile kikaratasi changu?" akauliza Mtaalamu, mkaguzi alipokwisha kuondoka.

"Nilifungia chipsi za fundi gari," akasema Mama Viazi. "Niliandikisha namba yangu."

Mtaalamu akafanya hesabu, na kadiri alivyoifanya ndivyo ilivyozidi kuwa nzuri. Mafuta aliyanunua yeye. Alimenya yeye, akakaanga yeye, akapiga kelele yeye. Chipsi zililipa, na sasa hata uchafu wake umelipa, na vyote viko katika aproni ile. Serikali haikuibiwa hata tone. Aliyeibiwa ni mmoja tu, na alikuwa amesimama hapo ananuka moshi.

"Dada, umenitapeli."

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia abiria wa nyuma."

Alisema kwa utulivu, kisha akatoa noti na kuziweka mezani mbele yake. Akasema hiyo ni nauli, kwa kuwa mtaa mzima unajua anataka kuhama, na basi la jioni halijaondoka. Fedha zilitosha kumfikisha mbali. Ndicho alichokuwa amekitaka tangu mwanzo, na mkono wake haukwenda.

"Dada yangu," akaanza, akikohoa kusafisha koo, "kwa kuzingatia mustakabali wa sekta ya anga nchini, na mchango wa majiko madogo..."

"Sema bila anga."

"Kwa kuzingatia basi mustakabali wa viazi..."

"Bila viazi pia."

Akatafuta neno jingine. Yalikuwa yamekwisha yote, jambo ambalo halikuwahi kumpata. Mama Viazi alikuwa amezima moto ili amsikie vizuri, akasubiri hadi mwisho, kama kawaida yake.

"Sitaki kuondoka," akasema Mtaalamu. "Nataka kukaa hapa, na wewe."