Kiti cha Kinyozi na Mama Mapacha

Kinyozi alipofunga duka lake kwa mara ya mwisho, alikitoa kiti chake nje akakisukuma hadi kando ya jalala. Kilikuwa kiti cha chuma, kizito kama ng'ombe, ngozi yake nyekundu imepasuka na mguu mmoja umefungwa kwa kamba. Wote waliopita pale waliona takataka. Asali alipopita, aliona riziki.

Asali halikuwa jina lake la kuzaliwa. Majirani walimpa kwa sababu ya mdomo wake, uliokuwa mtamu kiasi kwamba mtu aliyekuja kumgombeza aliondoka akiwa amemwomba radhi. Siku hiyo alimwambia kinyozi, kwa sauti ya mtu atokaye wodini, kwamba anakihitaji kile kiti kwa ajili ya mama yake anayeumwa mgongo. Mama yake, saa ileile, alikuwa juu ya paa la nyumba yake akipigilia bati. Kinyozi akamhurumia, hata akamsaidia kukibeba.

Nyumbani hakukuwa na wa kuuliza maswali, maana mkewe, muuguzi, alikuwa safarini kwa mafunzo ya kazi. Asali alikifuta kiti vumbi, akakipiga picha upande wenye nafuu, akakiweka kwenye mnada wa mtandaoni na maelezo haya: "Kiti cha heshima. Kimekaliwa na mawaziri watatu na bondia mmoja. Hutibu mgongo, shingo na mawazo mengi."

Kisha akamwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi pikipiki asiye na maneno mengi. Kazi yake ingekuwa ndogo tu: kila bei ikilegea, apandishe dau kidogo ili wanunuzi wa kweli wapate joto. Shemeji akauliza itakuwaje akishinda yeye.

"Huwezi kushinda, shem," Asali akamwambia. "Wewe ni wa kuwakimbiza watu tu."

Mnada ukafunguliwa, na mapema akajitokeza mnunuzi aliyejiita Mwenye Hoteli. Huyu hakuuliza kitu. Aliandika kwamba anajenga hoteli kubwa na anataka kiti hicho kikae mapokezi, akapandisha dau mara mbili mfululizo, peke yake, bila kusukumwa. Asali alimpenda mtu yule kama mtoto wake wa kwanza.

Ndipo akaingia Mama Mapacha.

Dau lake lilikuwa dogo, lakini maswali yake yalikuwa makubwa, tena aliyaandika hadharani mahali ambapo kila mnunuzi angeyasoma. Je, kiti kinalala kama viti vingine vya kinyozi? Mbona ukitazama picha vizuri unaona kamba mguuni? Na hao mawaziri, walikikalia kabla ya kamba au baada yake? Mwisho akaomba aje kukikagua pamoja na mumewe, mchomeleaji vyuma.

Asali hakuwa na ugomvi na wanunuzi. Ugomvi wake ulikuwa na wale wanaotaka kujua wanachonunua. Sheria za mnada zilimruhusu muuzaji kumzuia mtu asiyemtaka, naye akamzuia Mama Mapacha kwa kidole kimoja, kisha akaenda kuoga akiwa na amani moyoni.

Alipotoka bafuni, Baba Mapacha alikuwa akiuliza habari za kamba. Akamzuia. Akaja Pacha Mkubwa, akaja Pacha Mdogo, akaja Bibi Yao Mapacha, na nyuma yao Jirani wa Mama Mapacha, aliyesema yeye hataki kununua ila kamba imemkosesha usingizi. Asali alizuia mpaka kidole kikamuuma. Wakati huohuo Mwenye Hoteli akamwandikia faraghani kwamba yeye ni mtu wa heshima zake, mambo ya kamba yanamtia aibu, na familia ile isiponyamaza atapeleka pesa zake kwingine.

Basi Asali akaona dawa ni kwenda kuzungumza na yule mama uso kwa uso. Hakuna aliyewahi kuushinda mdomo wake ana kwa ana.

Mama Mapacha alimpa anwani bila kusita. Alikaa kwenye chumba cha kupanga, chenye viti viwili vya plastiki, pazia la maua na kamba ya nguo iliyokatiza uani, imejaa vijisuruali na vijishati, kila kimoja na mwenzake. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho ya huruma. Alimmiminia mgeni chai akasema watoto wako shule.

"Dada yangu," Asali akaanza, "nimekuja kukuokoa. Kile kiti hakiwafai."

"Hakitibu mgongo?"

Asali akanywa chai kidogo. Kukana hakuweza. Akasema kinatibu, tena kinatibu kupita kiasi. Ni dawa kali iliyopimwa kwa migongo ya mawaziri, na mgongo wa mchomeleaji vyuma unaweza kunyooka usirudi kuinama tena.

Mama Mapacha akafuta macho kwa upindo wa kanga. Alisema yeye si mbishi. Mumewe hulala ameketi kwa maumivu, na angepata kitu chochote laini cha kumweka, asingemsumbua mtu na kiti chake.

Asali akaikumbuka sofa ya sebuleni kwake. Ilikuwa ya zambarau, laini kama mkate, na mkewe aliinunua kwa mshahara wake mwenyewe akaipenda waziwazi kuliko baadhi ya ndugu zake. Lakini dau la Mwenye Hoteli lilikuwa limeshafika mahali ambapo lingenunua sofa tano za namna ile. Angenunua nyingine, rangi ileile, mke arudi asijue lolote. Akakodi mkokoteni, akaisindikiza sofa mwenyewe.

Mama Mapacha alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Familia nzima ilijitoa, na jioni hiyo Mwenye Hoteli akapandisha dau kwa furaha.

Kesho yake Bibi Yao Mapacha akarudi kwa akaunti mpya na swali lilelile la kamba. Asali alipopiga simu, Mama Mapacha alisikitika sana. Alieleza kwamba mkwewe amenuna kuona mwana amepata sofa na yeye hakupata kitu, ilhali dawa zake zinataka kukaa kwenye baridi. Friji ikaondoka kwa mkokoteni. Dau likapanda. Kisha ikajulikana kwamba mapacha wanaandikia sakafuni, na meza ya kulia chakula ikaondoka pamoja na viti vyake. Dau likapanda tena. Asali sasa alikula akiwa amesimama, akinywa maji ya moto kama supu, lakini kichwani alikuwa ameshajenga ghorofa na kuchagua rangi ya geti.

Shemeji alipopita kumsalimia, alitazama sebule akauliza kama wameibiwa. Asali akamweleza kwa upole kwamba hiyo ndiyo biashara ya wakubwa, na kwamba hata mkokoteni anaulipia yeye. Shemeji alifikiri kidogo, akasema wezi aliowahi kuwasikia yeye hubeba wenyewe.

Siku ya kufunga mnada, bei ilisimama. Asali akamwambia shemeji asukume mara moja ya mwisho, ili Mwenye Hoteli apate hasira. Shemeji akasukuma. Wakangoja. Mwenye Hoteli hakupata hasira. Hakupata chochote, muda ukaisha, na mtandao ukampongeza fundi pikipiki kwa kujinyakulia kiti cha mawaziri kwa bei ya gari. Asali akamwandikia Mwenye Hoteli, na jibu likaja kwamba akaunti hiyo haipo.

Alikimbia hadi kwa Mama Mapacha. Kwenye kile chumba alimkuta fundi rangi akipaka ukuta, ambaye alisema wapangaji wamehama, mke mcheshi na mume asiyebandua uso kwenye simu. Fundi rangi aliwahi kumuuliza yule mume anafanya kazi gani, akajibiwa kwamba ana hoteli. Watoto? Fundi rangi hakuwahi kuona mtoto pale. Uani vijishati vilikuwa bado vinaning'inia, na vyote vilikuwa na vibandiko vya bei.

Polisi asingeweza kwenda, maana angelazimika kuanza na mawaziri. Jioni hiyo mkewe akapiga simu kwamba mafunzo yamekwisha na yuko njiani. Asali, jasho likimtoka, akapekua mnada, akaiona sofa ya zambarau: "Imekaliwa na mfanyabiashara mashuhuri." Akaweka dau papo hapo. Ujumbe ukaja kwamba muuzaji amemzuia. Akafungua akaunti nyingine, akaandika kwa adabu, akazuiwa kwa adabu.

Hakubaki na mtu ila shemeji. Alimpigia magoti karibu na pikipiki iliyofumuliwa, na shemeji, kwa ajili ya dada yake, akaingia mnadani na akiba aliyoiweka ya kununulia vifaa vya gereji. Akashinda. Sofa ikaletwa kwa mkokoteni hadi chumbani kwake, akalipa, akaitandika shuka.

"Sasa tuipeleke nyumbani," Asali akasema.

"Iko nyumbani," shemeji akajibu, akaendelea kufunga nati.

Mkewe alipofika, alikuta sebule tupu na katikati kiti chekundu cha kinyozi. Asali akakohoa, akaanza kueleza. Alieleza mchwa, akaeleza mafuriko, akaeleza kituo cha yatima kilichoguswa na moto. Hajawahi kusema vizuri kama siku ile. Mkewe alimsikiliza mpaka akaishiwa, kisha akauliza jambo moja tu, sofa iko wapi.

"Kwa mdogo wako," Asali akasema. Lilikuwa neno lake la kweli la kwanza tangu alipookota kile kiti. Mkewe akauchukua mkoba wake, ambao alikuwa hajaufungua bado, akaenda huko.

Mpaka leo yuko huko. Asali huwatembelea mwisho wa juma, amevaa suruali iliyopigwa pasi, mkononi matunda. Hupokewa vizuri, hupewa chai, huulizwa hali ya mama yake. Wenyeji huketi huku na huku kwenye sofa wakitazama runinga, na katikati yao pamebaki nafasi kubwa. Wiki iliyopita alijikaza, akainuka kwenye ndoo anayokalia, akaisogelea polepole.

"Hapo pana mtu," mkewe akasema, bila kugeuza uso.