Mablanketi Saba na Maini ya Kulungu

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimehesabu. Saba. Nikahesabu tena nikitumaini nimekosea. Bado saba.

Mablanketi saba ya viraka kabatini, yote nimeyaanza mwenyewe, hakuna hata moja lililokwisha. Na Aprili niliyatamka yote mbele ya kina mama wa kanisa, Renata mke wa mchungaji akayaandika kwenye daftari. Sheria yetu ni ya zamani. Atakayefika Jumamosi ya kwanza ya Novemba amemaliza yote aliyotamka, bila kuanza jipya, ndiye anayechagua mchoro wa blanketi kubwa tunaloshona pamoja majira ya baridi. Wakiwa wawili, anashinda mwenye mengi.

Miaka tisa mfululizo ameshinda wifi yangu Lavonne, dada mkubwa wa Delmar wangu. Siri yake ni kwamba kila Aprili anatamka blanketi moja. Mwanamke asiye na ndoto. Na miaka tisa mchoro ni uleule, nyota.

Lakini safari hii blanketi ni la bibi harusi wa Mei, na bibi harusi wa Mei ni Karla, mwanangu wa pekee. Karla alizaliwa bata bukini wakipita juu ya hospitali kwenda kusini. Nilimwahidi angali mdogo kwamba akiolewa atalala chini ya bukini. Sitakubali alale chini ya nyota za shangazi yake.

Nimempigia simu kumwambia. Kasema, Mama, lolote litakalokuwa na joto. Mtoto hajui anachotaka.

Miongoni mwa hayo saba limo lake la kitanda cha mtoto. Nililianza nikiwa na mimba yake ya miezi sita. Nilisema hakuna haraka. Karla ana miaka ishirini na tisa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Akili ni mali! Mawili yalikuwa nyuso tupu, upande wa juu tu, hayana mgongo. Nimeyashona yakapeana migongo. Huku maua, huku miraba. Mawili yamekwisha kwa mchana mmoja.

La tatu lilikuwa na viraka vinne tu. Sasa ni vishikio vinne vya sufuria, vimepindwa vizuri. Daftari halisemi blanketi liwe na ukubwa gani. La nne nimelizungushia pindo la haraka, nikampa mbwa. Amelipenda.

Delmar kauliza nani atanisaidia kukusanya majani uani. Nikamwambia majani yanajua kuoza yenyewe.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilikwenda dukani kununua uzi mweupe. Uzi tu. Nimerudi na vitambaa vya mablanketi sita mapya. Uzi nimesahau.

Sikuwa na nia mbaya. Kulikuwa na kitambaa cha rangi ya majani yanavyokuwa siku mbili kabla hayajaanguka, na mtu akikiacha dukani atakiona usingizini. Nimevikata vyote. Kukata si kuanza. Ila Lavonne ni mbishi, kwa hiyo nimevifunga kwa karatasi ya nyama, vifurushi sita, nikaandika MAINI kwa kalamu nyeusi, nikavilaza kwenye friza chini ya nyama ya kulungu ya Delmar. Nijuavyo, Lavonne hataki hata harufu ya maini.

Jumanne, 22 Oktoba

Lavonne kaja na keki mbili za malenge. Moja yetu, nyingine eti nimwekee kwenye friza maana yake imejaa. Kabla sijainuka kitini keshainama ndani hadi kiunoni. Kisha sauti ikatoka humo humo, "Wifi, kulungu wa siku hizi ana maini mangapi?"

Nikasema Delmar alikuwa na bahati mawindoni mwaka jana. Akasema anavyokumbuka mdogo wake alipata mmoja tu, tena alikuwa anachechemea. Akaondoka akitabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Keki yake ni tamu. Inaniuma kuliandika hilo.

Jumapili, 27 Oktoba

Baada ya ibada, mpira kwenye televisheni. Wakati wa mpira mikono ya Delmar haina kazi, nami naona huo ni ubadhirifu. Nimemkabidhi la tano na la sita ayashonee pindo. Robo ya kwanza ya mchezo alilalamika. Robo ya tatu alikuwa ananiambia nisimsemeshe.

Kamaliza yote mawili. Nimekagua mishono. Midogo, imenyooka, inalingana. Mizuri kuliko yangu. Nimeamua jambo hili lisitoke humu ndani.

Limebaki moja, la kitanda cha Karla.

Alhamisi, 31 Oktoba

Msiba.

Jumatatu nilitandaza kila kitu kwenye meza ya kulia: kitambaa cha mgongoni, pamba, uso juu. Nikashikiza kwa mishono mirefu, nikapunguza kingo kwa mkasi, mabaki nikayatupa kwenye kapu la vipande bila kuyatazama. Siku tatu nimedarizi, kastabini kidoleni, Delmar akila mkate na jibini. Sikugeuza upande wa pili hata mara moja. Nani huangalia mgongo? Leo nikamaliza pindo. Nikaimba.

Kisha nikafungua mashine ya kukaushia nguo nitoe taulo. Kitambaa cha mgongoni kilikuwa humo. Kimekauka vizuri sana, tangu Jumatatu.

Nikaligeuza blanketi polepole. Mgongoni kuna zabibu zilizodariziwa kwa mkono na doa la bitiruti la Pasaka moja ya zamani. Kitambaa cha meza cha marehemu mama mkwe. Kile ambacho Lavonne alikiomba siku ya mazishi, nami nikamkatalia kwa sababu aliniomba mbele za watu. Nimekikata katikati kabisa.

Kwenye kapu nimekuta ukingo wenye tundu kubwa. Nimeufunga kwa karatasi ya nyama. MAINI.

Delmar kauliza mbona meza iko uchi. Nimesema kitambaa kina shughuli.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimeshinda! Nimeshinda! Nimeshinda!

Tuliomaliza ni wawili tu, mimi na Lavonne. Renata akafungua daftari. Lavonne akaonyesha blanketi lake moja, halina kasoro, limechosha. Mimi nikaanza kuyapanga mezani. Kufika lile la nyuso mbili, wifi akasimama. "Renata, hili ni moja. Na hivi ni vya kushikia sufuria. Na lile pale lina manyoya ya mbwa." Kina mama wakacheka. Renata akaanza kujikuna shingo, na nikaona bukini wangu wanaruka kwenda zao.

Lavonne akachukua la kitanda cha mtoto akague na lenyewe. Akaligeuza.

Nilitazama mlango. Ulikuwa mbali.

Aligusa zabibu, kisha doa. Akakaa. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote, na mimi kwa miaka thelathini na minne sijawahi kumwona Lavonne akilia, hata mazishini. Akasema, "Umemshonea Karla kitambaa cha mama. Mimi ningekifungia kabatini kikaliwa na nondo." Kisha akamgeukia Renata. "Andika saba. Andika yote. Asibishe mtu."

Nilitaka kusema ukweli. Hamu hiyo ilikuwepo kwa muda wa kutosha kuitambua, halafu ikapita. Nikasema nililifikiria sana wazo hilo. Nikamkumbatia, na hapo sikuwa naigiza. Nilimwonea huruma kweli, na nikajionea fahari kubwa kuliko huruma.

Nimechagua bukini. Bukini huundwa kwa pembetatu, na hapa ni elfu moja mia mbili. Chumba kizima cha chini cha kanisa kikanyamaza kwa furaha.

Karla alikuja kunichukua kwa gari. Akajifunika lile la kitanda chake. Linamfikia magotini. Akaniambia nimechelewa kidogo. Hajalirudisha.

Jumapili, 3 Novemba

Lavonne kaja kunywa kahawa na kuchukua keki yake kwenye friza. Mpole, ananiita mdogo wangu. Kasema tumegombana vya kutosha maishani. Tena anataka kuanza kuvumilia vyakula vyetu, na kwa kuwa tuna maini vifurushi saba, Alhamisi atakuja na vitunguu vyake tuyakaange pamoja.

Sina hata ini moja. Nitasema mbwa kala. Mbwa hana la kujitetea.

Mama mkwe aliacha pia mapazia ya sebuleni. Nimeyapima kwa macho.

Mchana nimekata vipande ishirini vya mabaki ya kitambaa kile cha rangi ya majani, kwa blanketi dogo la mtoto wa Karla. Mbona litakuwa zuri, hilo na yale mengine sita! Nimevifunga, nimeandika MAINI, nimeviweka kwenye friza. Nitavishona baadaye. Hakuna haraka. Hata harusi yenyewe bado.