Ombi la Kurudishiwa Dirisha Linaloganda

Kwa Fundi wa Programu,
Ofisi ya Usajili wa Ndoa, ghorofa ya juu
(ambaye pia ni mpwa wangu).

Ndugu Fundi,

Pokea salamu za chumba namba nne, dawati la vyeti. Nakuandikia kirasmi, ingawa wewe ni mtoto wa dada yangu na ungeweza kuyasikia haya jikoni kwa mama yako, kwa sababu kule jikoni nikianza kusema mnacheka. Nakala nimempa mama wa mihuri, anayekaa kushoto kwangu, ili kesho usije ukasema hukuipata.

Unajua kwamba kwa miaka tisa programu yetu ya vyeti ilikuwa na tabia moja nzuri sana. Nilipobonyeza "Toa Cheti", ilimtuma mwenzake, yaani ile programu ya masijala, akapekue rekodi zote kuona kama bwana au bibi ana ndoa nyingine mahali. Upekuzi huo kwa kawaida huchukua dakika kumi na moja, na muda wote huo dirisha langu la kompyuta liliganda. Lilikuwa jeupe pe, mausi haishiki kitu, kitufe hakibonyezeki. Maharusi walikaa kwenye benchi mbele yangu, hawana pa kwenda, nami nikawapa nasaha. Nasaha zangu nazo zina urefu wa dakika kumi na moja. Hazikuanza hivyo, nilizivutavuta mwaka hadi mwaka mpaka zikaenea. Ndiyo maana jengo zima wananiita Mzee Nasaha, na sijawahi kulikataa jina hilo.

Jumatatu ukaja na mabadiliko yako. Sasa dirisha linamtuma mwenzake na wala halimsubiri. Upekuzi ni uleule, haukupungua hata nusu dakika, ila dirisha liko macho, linapokea kazi nyingine, na mstari wa kijani wa kuonyesha asilimia unatambaa chini yake. Kila mtu amekupongeza. Mimi nina malalamiko yafuatayo.

1. Mstari wa kijani. Kioo cha pili cha kompyuta kinawatazama wateja ili wahakiki majina yao, kwa hiyo na mstari wanauona. Hawanitazami tena mimi. Nikifika kwenye sehemu ya kusameheana, ambayo zamani iliwatoa watu machozi, bwana ananyoosha kidole na kusema, "Imefika sitini." Nimewahi kupambana na wakwe wabishi na mashahidi walevi nikawaweza. Kupambana na mstari sijui nianzie wapi.

2. Foleni. Kwa kuwa dirisha liko huru, mkuu wa ofisi anataka niite wanaofuata huku wale wa kwanza bado wanapekuliwa. Jumanne nilikuwa na jozi tano za maharusi kwenye benchi moja, na mdomo ni huu mmoja. Nilianza nasaha kwa hawa nikazimalizia kwa wale. Wazee wawili, bwana akiwa na miaka sabini na mitatu, walipata sehemu yote ya kupanga uzazi. Kijana wa gereji na mchumba wake wakapata ya kuvumiliana na maumivu ya magoti. Yule bibi mzee alinishukuru sana, akasema watajitahidi. Isitoshe, vyeti havirudi kwa zamu: wenye majina adimu hurudi upesi, wenye majina ya kila mtaa hukawia. Waliokuja wa tano waliondoka wa kwanza, na waliokuja wa kwanza wakaniuliza mbele ya watu, "Kwani rekodi zetu sisi zina nini?" Zilikuwa hazina kitu, lakini bwana alishaanza kutoka jasho, na bibi alishaliona.

3. Kitufe cha "Ghairi". Hili ndilo linaloninyima raha. Kitufe hicho kilikuwepo tangu zamani, lakini dirisha likiganda nacho kiliganda, kikawa pambo tu. Sasa kinafanya kazi tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Juzi fundi mmoja wa kuchomelea aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mzee, hicho kinabonyezeka?" Mimi sisemi uongo ndani ya jengo la serikali. Nikamwambia kinabonyezeka. Mchumba wake akasikia. Wakakikodolea macho wote wawili kwa asilimia thelathini nzima, mwishowe yule dada akasema, "Si useme kibonyezwe, kwani nani amekushika?" Nikabonyeza mimi, kwa mkono huuhuu uliokwisha kuunganisha nusu ya mji.

Tangu Jumatatu nimeghairi ndoa tatu. Miaka yote tisa ya kuganda sikughairi hata moja. Watu walipata wasiwasi ilipofika dakika ya nne, kama kawaida ya binadamu, wakatazama dirisha jeupe, wakaona mashine imeshakwama na hakuna la kufanya, wakatulia. Kufikia dakika ya nane walikuwa wameshikana mikono. Huo, mpwa wangu, ndio uliokuwa msingi wa familia nyingi hapa.

4. Malezi. Nilipopanda juu kukuuliza, ulinijibu kwa upole, "Mjomba, anayetuma si lazima aache kila kitu amsubiri aliyetumwa. Anaendelea na yake, mwenzake akirudi atabisha hodi." Nilishuka ngazi nimenuna. Ulipokuwa mdogo, baba yako alipokwisha kufariki, nilikuwa nikikutuma dukani nasimama mlangoni, siketi, sili, mpaka nikuone unarudi. Huko ndiko kusubiri. Dirisha lililoganda lilikuwa na mapenzi. Hili lako lina shughuli tu.

Sasa nifike kwenye lenyewe hasa. Ijumaa ijayo, saa nne asubuhi, utakaa wewe kwenye benchi lile, wewe na huyo kijana wako wa vipuri vya magari. Marehemu shemeji hayupo wa kukuambia maneno ya siku hiyo. Nipo mimi, na nina dakika kumi na moja ambazo nimezifanyia mazoezi miaka tisa kwa watu nisiowajua. Sitaki uzisikilize huku unahesabu asilimia. Na sitaki, nisifiche, huyo kijana awekewe kitufe cha kumtia majaribuni, maana mama yako ameshashona nguo.

Kwa hiyo naomba rasmi dirisha lirudishwe kuganda kabla ya Ijumaa. Ikishindikana, ligande kwenye dawati langu peke yake. Na hata hilo likishindikana, nichoree dirisha jeupe la uongo la kufunikia kitufe, nami nitatunza siri.

Wasalimie mafundi wenzako huko juu. Msalimie na mama yako, mwambie sufuria yake nitairudisha. Mama wa mihuri anakusalimu, anasema yeye hana malalamiko yoyote na nisisahau kuliandika hilo.

Ni mimi, katika kazi ya kuunganisha wananchi,

Mjomba wako,
Karani Mwandamizi, Dawati la Vyeti.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mchumba wako amepita kunisalimia. Nimemkalisha kwenye benchi nikamjaribishia nasaha zako. Amesikiliza vizuri, ana adabu. Dakika ya nane, nilipofika kwenye uchovu wa kazi na nyumba, akanitoa wasiwasi: "Usijali, Mjomba, hatachoka. Tukishaoana ataacha hizo kompyuta. Mimi ni mtu wa safari, nataka nikirudi nimkute nyumbani." Nikamuuliza, na kabla hujarudi, yeye afanye nini? Akacheka. "Si anisubiri tu."

Mpwa wangu, nimeliona lile dirisha jeupe, na wewe uko ndani yake.

Kama mmekubaliana hivyo, niambie nami nitanyamaza. Kama hamjakubaliana, basi malalamiko namba moja hadi nne nimeyafuta, na ulichonijibu siku ile kilikuwa sahihi. Usiligandishe. Kitufe cha "Ghairi" kiache palepale, kikuze kidogo, na kioo kigeuzie kushoto, anakokaa bibi harusi. Nami Ijumaa nitaongea polepole.