Hita Ilivyonivua Suruali Makuyuni

Jamani, leo nimevuliwa suruali mbele ya mteja. Mchana kweupe. Aliyenivua ni hita.

Mtauliza hita ya nini Makuyuni hii ya Korogwe, ambako jua likitoka hata mbuzi wanagombea kivuli. Tulieni niwaeleze.

Naendesha eskaveta ndogo, ile ya kuchimbia mitaro, mali ya shemeji yangu wa Handeni. Ina kabini ya vioo na kiti kimoja. Imelala uani kwangu muda mrefu bila kazi (nami nimelala nayo, maana mimi ni mtu wa nyumbani, hata harusini naenda nikiwa nimeshaulizia gari la kurudi). Jana shemeji kapiga simu: "Hiyo mashine isipopata kazi wiki hii naichukua. Huku Handeni kuna dereva anaisubiri."

Yaani mashine iende, mimi nibaki na jembe!

Bahati akajitokeza Mama Stella, mama wa Kisambaa mwenye kazi ya kuchimba mtaro wa bomba la maji huko kwao mlimani. Sharti lake moja tu: hita iwe nzima. Asubuhi kule ukungu unaziba vioo, na dereva wake wa mwisho alikuwa habanduki kwenye moto wa jikoni mpaka jua lichomoze. "Kesho nakuja kuiona kwa macho," akasema.

Nikaapa. Hita hii itafanya kazi, au mimi si mtoto wa mama yangu.

Leo asubuhi nikafungua chini ya kiti. Kwanza niliwaza kununua kile kihita cha umeme cha kuchomeka kwenye betri. Fundi mmoja akanicheka kwenye simu: kitakumalizia betri kabla hujachota hata udongo wa kwanza. Basi tukarudi kwenye hita yenyewe ya mashine, ambayo haina maajabu. Maji ya moto ya injini yanapita kwenye rejeta ndogo, feni inapuliza, unapata joto. Ila nani anataka joto Korogwe? Mipira ya maji ilishachomolewa zamani. Kwenye kisanduku cha feni panya wamezaa, wamelea, wameozesha. Nikatoa maganda ya mahindi, matambara, na soksi yangu (niliyomsingizia mke wangu Mwajuma kwamba kaitupa).

Nikasafisha, nikarudisha mipira. Klipu za kubania zilitakiwa mbili, moja imekatika kwa kutu. Nikachukua mpira wa tyubu ya baiskeli. Si mnajua wenyewe? Huku kwetu tyubu inafunga mzigo wa kuni, mpini wa jembe, mlango wa banda la kuku. Itashindwa na kijibomba?

"Baba Zuhura," Mwajuma akaniita, "nenda kanunue klipu."

"Mpira unatosha."

"Hayo maji ya injini, si bomba la bustani."

"Nimesema unatosha!" (Duka liko ng'ambo ya barabara. Ng'ambo tu, ndugu zangu.)

Adhuhuri Mama Stella akafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu."

Akaomba khanga, akailowesha kwenye ndoo, akaikamua, akanipa. "Itundike humo ndani, mbele ya kioo. Funga mlango. Ikikauka, kazi yako."

Nikapanda. Tena nimevaa sweta, nionekane mtu wa mlimani! Nikawasha injini, nikafungulia hita mpaka mwisho. Majirani wakaanza kujaa uani. Ni nani asiyetaka kumwona mtu mzima anajipika mwenyewe?

Joto likaja. Likazidi. Jasho likaingia machoni, kwenye masikio, sijui mpaka wapi. Mwajuma akagonga kioo: "Toka, utakufa!"

"Sitoki!"

"Bado kidogo," Mama Stella akasema, katulia kama anasubiri chai ichemke.

Khanga ilikuwa inapepea vizuri kabisa niliposikia chini ya kiti: pwaa!

Tyubu imeachia. Maji ya moto yakapanda, yakanipata pale pale ninapokalia. Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka niko chini, suruali iko mbali, khanga iko kiunoni, na Mama Stella yuko mbele yangu. Nikachanganyikiwa nikasema:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia. Majirani wakalala chini kwa kicheko.

Hapo nikasikia injini bado inanguruma. Na maji yanamwagika! Injini ikikauka maji inakufa, ikifa shemeji ananizika nayo. Nikapanda tena, mvuke usoni, khanga mkono mmoja, nikazima. Kushuka kinyumenyume, mbele ya kijiji kizima, ndiyo ikawa aibu kamili.

Mama Stella akashika pindo la khanga nililojifunga, akalipima kwa vidole. 

"Imekauka," akasema. "Yule dereva wangu wa mwisho angekimbia na kuniachia injini iungue. Jumatatu tunapanda. Ila kanunue klipu."

Mwajuma alishavuka barabara kuileta.

Kazi nimepata. Haya nayaandika nikiwa nimelala kifudifudi, nimepakwa dawa, kwa hiyo atakayecheka acheke polepole: hata kucheka na ninyi kunaniuma.